Taa Nilizomfundisha Mtani Wangu

Ukifika Bariadi ukauliza nani anakata nakshi kwenye mbao, hutaoneshwa watu wawili. Utaletwa kwangu. Sisemi hivi kwa kujisifu tu, ingawa hata haki ya kujisifu nimeitolea jasho. Shule niliacha darasa la tano nikaenda kuchunga ng'ombe wa baba kule Lingeka. Randa nilijifunza kwa kusimama mlangoni kwa watu hadi wakachoka kunifukuza. Leo vitanda vya harusi vya mji huu, vile vyenye ubao wa kichwani uliotobolewa maua na ndege, vingi vimetoka mikononi mwangu, na wanaoviiga wanavipima kwangu.

Mashine yangu ni ile yenye msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea magunia. Msumeno unapanda na kushuka mahali pamoja, na ubao unauzungusha wewe kwa mikono. Unatoboa tundu, unaupitisha msumeno tunduni, unaufunga, halafu unakata ua la ndani bila kuugusa ukingo. Kuna mahali kikonyo cha jani kinabaki chembamba kama njiti ya kiberiti. Ukitoka nje ya mstari kidogo tu, kimekatika, na ubao mzima unakuwa kuni.

Sasa mimi mstari wa penseli ulianza kuota manyoya. Nilidhani ni penseli, nikanunua nyingine. Nikadhani ni vumbi, nikaosha uso. Mwishowe nikajua ni macho. Umri umefika, na macho hayamwogopi mtu kwa sababu ni hodari.

Mtu niliyemwambia ni mmoja tu, binamu yangu, mtoto wa mjomba wangu wa Shishiyu. Nilimleta mjini mimi baada ya pamba kumchosha, nikampa kona kwenye karakana yangu apake vanishi na kupiga msasa. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Anaweza kukuita fisi mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Ukikasirika, aibu ni yako, si yake. Na akikurushia neno, unatakiwa umrudishie kubwa zaidi; usipomrudishia, umemfanya mgeni. Nimekulia humo, najua kurudisha.

Nilimwambia yeye tu kwa sababu mji mdogo una midomo mirefu. Fundi cherehani akivaa miwani watu wanaona kawaida. Fundi nakshi akivaa, wanasema kwisha habari yake, tutafute mwingine. Binamu akasema, "Hili linazikwa hapa." Akachukua pazia kuukuu akalitundika mlangoni.

Tulikwenda wote kununua taa. Nilibeba kipande cha mninga nilichochora mstari, nikamwambia mwenye duka la vifaa vya umeme aniwashie taa zake moja moja.

"Mzee, unanunua taa au unauza mbao?" akauliza.

"Nanunua macho. Washa ile."

"Mpe ya njano tu," binamu akadakia. "Kwao walikuwa na kibatari, nyingine zitamtia kizunguzungu."

"Na wewe kwenu mlikuwa mnamulikiwa na macho ya paka," nikamjibu, na mwenye duka akacheka akasahau kuchoka.

Lakini kazi niliifanya. Taa ya njano ni nzuri kwa kulia chakula. Juu ya mninga, ambao wenyewe una wekundu, inaumeza mstari wa penseli kabisa. Nyeupe ya baridi inautoa mstari nje kama mshipa wa mkono. Halafu pitisha vidole haraka mbele ya taa. Ukiviona vinakatika katika, vimekuwa vingi, hiyo taa inapepesa, irudishe. Chini ya taa ya namna hiyo msumeno unaweza kuonekana umesimama kumbe unakwenda, ukapeleka kidole. Hili halikuandikwa kwenye boksi. Nililigundua mimi.

Na taa isikae juu ya kichwa. Miaka yote nilikuwa na tyubu darini, najiona mtu wa maana, kumbe kichwa changu mwenyewe kinatia kivuli penye kazi. Niliishusha taa moja kushoto, chini, karibu na meza, imulike ubao kwa ubavu, na nyingine dhaifu zaidi upande wa kulia ili iue kivuli cha msumeno. Kivuli cha msumeno kikilala juu ya mstari, unakata kivuli ukidhani ni mstari.

Lenzi nayo ilikuwa shule nyingine. Fundi simu wa jirani aliniazima yake, ile ya duara yenye mkono. Inakuza hadi unaona vinyweleo vya mbao, lakini ilinidai pua iwe karibu kugusa ubao, na mkono wa mashine ukanigonga kipaji cha uso. Binamu alicheka akakaa chini. Nikajifunza kwamba lenzi kali inakunyima nafasi. Nikatafuta pana, inayokuza kidogo tu, unayoweza kuitazamia ukiwa umekaa wima kama mtu mwenye heshima. Kwanza niliifunga kwenye mashine. Mashine ikitetemeka, lenzi inatetemeka, na mstari unacheza ngoma. Nikaihamishia ukutani. Jioni naifunika kitambaa, maana siku moja jua la dirishani lilipita ndani yake likatoboa shati langu lililotundikwa.

Haya yote binamu aliyashuhudia. Alinishikia taa nikimwambia sogeza, shusha, geuza. Mteja akija, anatoka yeye nje ya pazia na kusema, "Bosi yuko kwenye vumbi, msubiri kidogo," nami navua uso wangu kwenye lenzi na kutoka nikijifuta. Nilimwona kuwa ukuta wangu.

Ndipo ikaja kazi ya kanisa. Kanisa jipya upande wa Kasoli walitaka uzio wa mbao wa kusimama mbele ya madhabahu, mzabibu umezungukana na mmea wa pamba, vitumba vyake vimepasuka. Kazi ya namna hiyo hufanyi mara mbili maishani. Ikisimama pale, wajukuu zako wataoneshwa. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote, na nilijua pia kwamba ni jibu langu kwa macho. Nikiimaliza ile, sitakuwa na haja ya pazia tena, nitavaa lenzi hadharani na atakayesema neno nitamwambia aende akatazame madhabahuni.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mama mmoja, mtumishi mstaafu, mwenyeji wa mikoa ya migomba aliyehamia huku kikazi akabaki. Mtu makini, hacheki ovyo. Alitaka kwanza sampuli ya tawi moja. Nikaikata nyuma ya pazia kwa taa zangu mbili, na nakwambia, ile sampuli ilikuwa safi. Hata mimi niliirudia kuitazama.

Siku aliyokuja kuichukua, pale nje walikuwepo wazee wawili wanasubiri viti vyao. Mama akaiinua sampuli ikapitisha mwanga, akaigeuza, akasema, "Baba, hii kazi nzuri sana."

Binamu akatoka na brashi yake ya vanishi. "Mama, usimwone hivi. Huyu haoni gete, haoni kabisa. Anakata kwa kunusa mstari."

Wazee wakaangua kicheko. Mtani amerusha neno, macho yote kwangu. Mimi nifanye nini? Nikarudisha. "Ni kweli sioni. Hata wewe nilikuokota Shishiyu gizani, nikadhani ni mtu."

Mzee mmoja alipiga goti lake kwa kofi. Mama hakucheka. Aliuliza taratibu, "Sasa hii amekata nani?"

Binamu akainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. "Tunasaidiana, mama."

Na mimi, moto wa utani umenipanda, wazee wananitazama, nikamalizia. "Kakata yeye yote. Mimi nilikuwa nimelala, nimeamshwa na harufu ya vanishi." Ndivyo utani unavyokwenda kwetu. Ukisingiziwa, hukani, unakubali na kuongeza, hadi uongo uwe mkubwa kiasi cha kumwaibisha aliyeuanzisha. Mtu wa kwetu angejua hapo hapo kwamba ubao nimekata mimi.

Mama akaifunga sampuli kwenye kanga, akashukuru, akaondoka.

Nikasubiri. Mbao ambazo kamati ingeniletea hazikuja. Binamu akaaga kwamba mama yake hajisikii vizuri, anakwenda Shishiyu kumwangalia. Nikampa sukari na sabuni ampelekee mke wa mjomba. Baadaye dereva wa bodaboda anayenibebea mbao akaniuliza, bila ubaya wowote, kama ile karakana ya barabara ya Kasoli ni tawi langu, maana amempelekea binamu yangu mninga mzuri. Nikamwambia anipakie.

Nilimkuta mlango uko wazi. Sikuingia mara moja. Nilisimama nikaangalia, na kwanza sikuona mtu, niliona taa. Moja kushoto, chini, imelaza mwanga ubavuni. Nyingine dhaifu kulia. Nyeupe zote. Lenzi pana, imefungwa ukutani, haigusi mashine. Hata kitambaa cha kuifunikia kilikuwepo, kimetundikwa msumarini. Na juu ya meza mzabibu na pamba, umefika nusu.

"Karibu, binamu," akasema, wala hakushtuka. "Umefikaje bila wa kukushika mkono?"

"Hii ni kazi ya nani?"

"Si ulisema mwenyewe nakata mimi? Mbele ya wazee."

"Ulijua ninatania."

"Mimi nilijua," akasema. "Yule mama ndiye hakujua."

Alilisema lile akiwa amekaa, mkono uko juu ya ubao, kama anayemfafanulia mteja tofauti ya mninga na mkongo. Niligeuka nikatoka. Mimi, ambaye mdomo ndio ulionifikisha mjini.

Nikaenda kwa mama mwenyekiti. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti. Nikamweleza.

"Lakini baba, nilikuuliza mbele ya watu," akasema.

"Ulikuwa utani, mama. Yule ni mtoto wa mjomba wangu. Ni mtani wangu."

Akaniangalia. "Hakuniambia kama ni ndugu. Aliniambia ninyi ni mafundi mnaochangia kibanda. Alikuja hapa kabla, akasema macho yako yamekwisha na kazi zote anakata yeye, ila heshima inamzuia kusema. Akasema nikifika nikuulize mwenyewe, wewe ni mtu mkweli, hutakataa."

Hapo ndipo liliponiingia. Kuitwa kipofu nimezoea, hilo ni jina la mtani. Kilichonichoma ni kwamba alikwenda kabla akapanga. Alijua nitarudisha, na alijua nitarudisha kwa maneno gani, kwa sababu tumerudishiana tangu tunachunga wote. Alichukua kile kitu kilichotufanya ndugu akakitumia kama ndoano.

Nilimwomba mama aje karakana. Alikuja. Niliondoa pazia, nikawasha taa zote mbili, nikamkalisha kwenye kiti changu aitazame lenzi, kisha nikakata mbele yake kitumba cha pamba kilichopasuka, na vikonyo vyake.

"Baba, ni wewe," akasema. "Ninaona. Lakini mbao zimeshakatwa nusu, na sikukuu ya kuzindua inakaribia. Kamati haiwezi kuanza upya. Naomba radhi."

Sikumlaumu. Aliuliza, akajibiwa. Nilimpa kile kitumba akaenda nacho.

Pazia sikulirudisha. Siku hizi navaa hata ile lenzi ya kichwani ya fundi saa, mbele ya mteja yeyote, na kazi zinakuja, maana hakuna anayenifikia. Vijana wa mafundi wanakuja kuulizia taa iwekwe wapi, nawaonyesha. Lakini mbele ya madhabahu ile pamesimama mkono wa mtu mwingine, na watoto wangu wakienda kule wataambiwa jina lake.

Mjomba alipomwoza binti yake wa mwisho, na mimi nilikwenda Shishiyu. Siwezi kukosa shughuli ya mjomba. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, watu wamejaa uani, wanawake wanasonga ugali. Nikapita nikisalimia, mwangaluka, mwangaluka, hadi nikafika kwenye benchi alilokaa binamu na ndugu zetu wa rika.

Akanyanyua sauti ili kila mtu asikie. "Jamani mfungulieni njia, kipofu kafuata harufu ya nyama."

Watu wakacheka na kunigeukia, tayari kwa langu. Nilikuwa nalo. Lilikuwa zuri, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikampa mkono.

"Habari za siku nyingi, ndugu," nikasema. "Kazi inaendeleaje?"

Kicheko kikapungua. Alishika mkono wangu akijaribu tena. "Mnaona, hata hanijui, anadhani ni mteja."

"Nashukuru kukuona mzima," nikamwambia, kama unavyomwambia karani wa ofisi.

Hakuna aliyecheka mara hii. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake karibu, bakuli la kunawia liko mikononi, maji hayajamiminwa. Alitutazama, mimi, halafu mwanawe.

"Mmegombana?"

"Hapana, mjomba. Hatujagombana."

"Mtani wako amekusemesha. Mjibu."

"Nimemjibu, mjomba. Nimemsalimia."

Mjomba akaliweka bakuli chini. Kwa kawaida mimi na binamu tulikuwa tunanawa na kula sinia moja. Akaita sinia ya pili iletwe, akaniambia nikae kule walikokaa wageni wa upande wa bwana harusi.