Bastola Niliyoikanyaga kwenye Maulidi ya Wakwe

Nimechoka kuisimulia habari hii, na nimechoka zaidi kuisikia kwa watu ambao hawakuwepo, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, na wa juzi pale sokoni Bagamoyo alidai bastola ililia na mbuzi wa maulidi akafa (mbuzi alikuwa keshachinjwa tangu asubuhi, sisi tulikuwa tunanusa pilau lake tu). Kwa hiyo naiandika mwenyewe, aibu yangu yote, ili angalau itoke mdomoni mwa mwenye mali.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Makurunge niliyekwenda Maskati kubeba makasha ya tende na kurudi na stashahada ya majokofu na viyoyozi, na leo kiwanda changu cha barafu ndicho wanachokitegemea wauza samaki wa mji huu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Sijisifu, nasema kilicho kweli (stashahada ipo ukutani ofisini, mwenye shaka akaione). Sasa mtu kama huyo, nilijiambia, hawezi kukosa maadui. Sikuwa na hata mmoja ninayemjua kwa jina, lakini niliona ni suala la hadhi: wakubwa wanalindwa, mimi sina wa kunilinda, basi nijilinde.

Kibali nilikipata kwa njia ya halali, kuanzia serikali ya kijiji mpaka polisi, kote nikiulizwa silaha ya nini na kote nikijibu biashara. Iliyobaki ilikuwa kuchagua, na hapo ndipo nilipojiona profesa. Nilitazama video mpaka macho yakawasha, nikajua ipi nene, ipi nyembamba, ipi ina mtutu mfupi, nikawa nawasimulia hata wateja waliokuja kununua barafu, wao wanatazama samaki wao wanavyolegea juani, mimi nawaeleza tofauti ya bastola ya kuweka nyumbani na bastola ya kutembea nayo. Hukumu yangu ilikuwa hii: ya kubeba kila siku bila watu kujua lazima iwe ndogo, kwa sababu pwani hii haina koti. Wenzetu wa nchi za baridi wanaweza kuficha mzinga chini ya makoti yao. Sisi tuna shati moja jepesi, na jasho linalibandika mgongoni kabla ya saa nne asubuhi.

Nikaenda Dar. Mwenye duka, Mhindi mtu mzima mwenye sauti ya pole, alinitandikia kitambaa cha kijani juu ya meza ya kioo na kuweka tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya askari, nikaipita. Ya pili ilikuwa ya kati, ilijaa mkononi na vidole vyote vikapata pa kushika, akaniambia hiyo inatulia ukipiga. Ya tatu ilikuwa ndogo, bapa, imekaa kama kipande cha mche wa sabuni, na nilipoishika kidole changu cha mwisho kikabaki kinaning'inia hewani kama mgeni aliyekosa kiti. Akasema hiyo inaruka sana mkononi. Nikaipachika ya kati kiunoni, nikajigeuza mbele ya kioo, nikaona kinundu chini ya shati. Nikaipachika ile ndogo, sikuona kitu. Nikajigeuza tena, nikainama, nikanyoosha mikono juu kama mtu anayechuma embe, sikuona kitu.

"Hii," nikamwambia, "nitasahau kama nimeivaa."

Akajibu kwamba sawa, mheshimiwa, ila usiisahau chooni, na akaanza kuandika risiti.

Na kweli kwa suruali na mshipi ilikaa vizuri, ndani ya ala yake ngumu ya plastiki, nikawa natembea nayo kiwandani, benki, kwa kinyozi, na nikawa namwambia kila mtu kwamba sina kitu kiunoni (ndivyo watu walivyojua kwamba ninacho). Rafiki yangu Athumani, muuza vipuri, alikuwa anapiga hodi kwa mbali kabisa akifika kwangu, ananyanyua mikono na kusema, "Bwana Rama, ni mimi, mtu wa amani."

Huyo Athumani ndiye niliyemtuma kijijini Zinga kuniposea Zuhura. Zuhura ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache, na kwa muda mrefu nilikuwa nampelekea barafu kila kwenye shughuli ya shule bila kudai chochote, mpaka mwenyewe akaniambia kama nina neno nilipeleke kwa wakubwa. Aliyemlea ni mjomba wake, Mzee Shomari, mkulima wa minazi, mcha Mungu, na jibu alilolirudisha Athumani lilikuwa la kiungwana: mwambie aje kwenye maulidi yetu, baada ya Alasiri, aketi na sisi, tukishakula atapewa neno lake. Kila mtu wa huku anajua maana yake. Hawataki kukusikia, wanataka kukuona unavyosalimia, unavyokunja miguu, unavyomega tonge mbele ya wazee.

Siku ilipofika nikavaa kanzu niliyoitoa Maskati, nyeupe, ya kitambaa cha kuteleza, na chini yake suruali nyepesi ya kamba. Pale palikuwa na uamuzi mdogo tu wa kufanya. Kanzu haina mshipi, suruali ya kamba haibebi ala, na sefu ilikuwa wazi mbele yangu. Mwenye akili angeiweka bastola humo, akafunga, akaenda kuposa. Lakini zile video zilikuwa zimenifundisha kwamba siku utakayoiacha nyumbani ndiyo siku utakayoihitaji, na mimi nilikwishatangaza kwamba kila siku ni kila siku. Basi nikachukua ule mkanda mpana wa lastiki wa kuzungusha tumboni, ulionunuliwa pamoja na bastola, nikaipachika. Mkanda wenyewe nilikuwa nimeufua jana yake kwa maji ya moto kwa sababu ya jasho, nikauanika juu ya bati. Mimi, mwenye stashahada ya mambo ya joto na baridi.

Mlangoni kwa Mzee Shomari, Athumani alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kitu nimekiacha. Nikamwambia nimekiacha. Akashukuru Mungu.

Nilipokewa vizuri. Nilitoa shikamoo kwa mstari mzima wa wazee, nikaitikiwa marahaba kwa mstari mzima, na nikakalishwa mbele, juu ya jamvi, ubavuni kwa Mzee Shomari mwenyewe, mahali ambapo hata Athumani aliponiona alinipigia jicho la pongezi. Upande wa pili wa pazia walikuwa wanawake, na Zuhura kati yao. Maulidi yakaanza. Kila tulipoyumba na kaswida, mkanda ulishuka kidogo, kutoka kitovuni ukaja nyongani, nami nikawa nimebana kiwiko ubavuni kama mtu mwenye kichomi, najipa moyo kwamba kinachobaki ni dua na pilau.

Nilikuwa nimeyasahau maulidi. Miaka ya ugenini ilinisahaulisha kwamba kuna kiyamu, pale watu wote wanaposimama kwa pamoja, mikono kifuani, kumsalia Mtume. Wakasimama, nikasimama, na mkanda ukakata tamaa. Nikaisikia bastola ikiteleza kutoka kiunoni, ikaingia kati ya kanzu na suruali, ikashuka pajani kama kipande cha barafu yangu juu ya sakafu, ikapita goti, ikatua juu ya jamvi. Sauti yake ilimezwa na kaswida. Haikuonekana, kanzu yangu ilikuwa ndefu. Nikaikanyaga kwa mguu mtupu na kuishikilia hapohapo.

Nilisali siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, nikiomba kiyamu kisiishe. Kikaisha. Watu wakaketi. Mimi sikuketi, kwa sababu kuketi ni kuinua mguu, na goti la Mzee Shomari lilikuwa pale pale karibu na unyayo wangu. Nikafikiri haraka, na nilichokifikiri kilikuwa kufumba macho. Mtu aliyefumba macho haulizwi.

Nikasikia minong'ono. Mmoja akasema huyu vipi, na Mzee Shomari akamjibu kwa upole kwamba mwacheni, ameshikwa na hali, mapenzi ya Mtume yamemzidi. Wakaamini. Chetezo kikaletwa, nikafukizwa udi kuanzia magotini, na mtu mwingine akanirashia marashi usoni, yakaingia machoni (nilikuwa nimechungulia kidogo nione kama goti limesogea), na macho yakaanza kunitoka machozi ambayo singeyazuia hata kwa fedha. Walipoyaona machozi, wanawake nyuma ya pazia wakapiga vigelegele. Mzee Shomari akasimama, akanishika mkono, akaniambia sikioni:

"Mwanangu, nilikuwa na shaka na wewe. Nilisikia wewe ni mtu wa dunia. Zuhura ni wako, inshallah. Sasa kaa."

Jamani, neno nililolifuata Zinga nimepewa, nimepewa na mwenyewe, kwa mkono wake juu ya mkono wangu, na sina la kufanya ila kuendelea kusimama kama nguzo ya umeme. Akaniambia tena nikae. Sikukaa. Basi akaona hali imenizidi, akawaashiria wanaume wawili wenye nguvu, wakaja wakanishika makwapani kwa heshima zote, wakaninyanyua na kunirudisha nyuma hatua moja wanilaze.

Ikabaki pale juu ya jamvi, nyeusi, ndogo, imelowa jasho langu.

Msomaji wa maulidi akanyamaza. Chetezo kikabaki kinafuka mkononi mwa mtu. Jirani mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ina risasi?" Na hapo, badala ya kuomba radhi na kuiokota, mimi nikaanza kueleza. Nikawaambia kwamba chemba ni tupu, kwamba kibali ninacho, kwamba hii ni aina ndogo iliyotengenezwa mahususi kwa kubeba kila siku, na nikamaliza, Mungu anisamehe, kwa kusema kwamba uzuri wake mkubwa ni kuwa haionekani.

"Tunaiona," akasema mtu wa nyuma.

Hakuna aliyecheka. Walicheka baadaye, na hawajaacha mpaka leo, lakini pale hakuna aliyecheka. Mzee Shomari aliniambia tu nikiokote kitu changu nikipeleke nje. Nikaokota. Nikatoka katikati ya watu waliokuwa wanavuta miguu yao kunipisha, nikaenda kwenye gari chini ya mnazi, nikatoa risasi zilizokuwa kwenye magazini, nikakaa humo na vioo nimeshusha kwa ajili ya joto. Ndani wakaendelea na dua.

Huku kwetu hata aliyekuharibia shughuli hafukuzwi na njaa. Aliyeniletea sahani ya pilau ni Zuhura mwenyewe, ameifunika kwa kawa, akanipitishia dirishani. Nikajiandaa kulaumiwa. Nilikuwa na majibu ya lawama, yote nilikwishayapanga, kuhusu wezi, kuhusu biashara, kuhusu sheria. Hakulaumu.

"Ulikuwa unamwogopa nani humu ndani?" akaniuliza.

Nikatazama ile nyumba. Mlangoni palikuwa na ndara na makubadhi ya wazee, uani wanawake walikuwa wanapakua, na mtu wa chetezo alikuwa ametoka nje, anakung'uta majivu. Nikatafuta mtu wa kumwogopa, nikamkosa. Nikamwambia si mtu, ni mazoea tu.

"Mbona sisi hatuna mazoea hayo na tumekukalisha mbele?" akasema. Kisha akaniambia nile kabla pilau halijapoa, akarudi ndani.

Neno langu lililetwa na Athumani, ambaye hakunyanyua mikono safari hii, aliegemea mlango wa gari akiwa amechoka kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyeniapia kwa wazee kuwa mimi ni mtu wa kheri, na mimi ndiye niliyemwambia nimeiacha. Alisema Mzee Shomari hana hasira. Amesema neno lile alimpa mtu aliyeshikwa na hali, na mtu huyo kumbe hakuwepo, kwa hiyo neno limerudi kwa mwenyewe. Huyu aliyekuja na silaha yeye hamjui, na hawezi kumwoza mtoto kwa asiyemjua.

Nikampa Athumani sahani na kawa arudishe, nikawasha gari.

Bastola nimeirudisha kwa taratibu zake, na mwenye duka aliipokea kwa upole uleule, akaniuliza kama nataka kujaribu ile ya kati. Nikipita Zinga kununua mihogo kuna vijana pale barabarani wanaosimama wote kwa pamoja, mikono kifuani, macho wamefumba, na siwezi hata kukasirika, maana wananiigiza vizuri. Zuhura bado anafundisha. Tukikutana tunasalimiana, ananiuliza hali ya barafu, nami namwambia nzuri.

Mwezi uliopita nilimwomba Athumani aende tena. Alikataa, halafu akaenda, na akarudi na jibu fupi la Mzee Shomari kwamba maulidi ya kwake hayana kadi, anayetaka aje aketi. Kuketi tu. Nimelifikiria jibu hilo nikiwa kiwandani, nikiwa kitandani, nikiwa kwa kinyozi, na nimeona kwamba hajaniahidi kitu na hajaninyima kitu, amenitaka nifanye lile nililoshindwa.

Nitakwenda. Sina maneno ya kujitetea na sitayatafuta. Ila tangu siku ile nimeapa, na ninawaapia na nyinyi: kitu chochote nisichoweza kuketi nacho mbele za watu, sitakifunga tena kiunoni mwangu.