Mbivu, Mbivu, Chungwa

Matanga ya baba yalipokwisha nilibaki peke yangu nyumbani kwake, kijijini Kamuli. Nilifagia ua, nikala ndizi za jana, kisha nikaifungua redio yake ya mbao. Nilitaka iseme, basi.

Baba alikuwa fundi redio, na macho yake hayakutofautisha nyekundu, kijani na kahawia. Shambani alichuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, mama akaichambua upya kwenye mkeka huku akilalamika. Sasa kapasita za redio za zamani, vile vidude bapa vinavyotunza umeme, ukubwa wake umeandikwa kwa mistari ya rangi, na kila rangi ni namba. Kahawia moja, nyekundu mbili, kijani tano. Ukikosea rangi, umeweka kidude kingine.

Ungepita kwetu jioni ungesikia harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka, maharage yakichemka, na baba akiita, "Mama watoto, hebu njoo."

Mama alitoka jikoni na kisu cha kumenyea, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akakiinua kile kidude kwenye mwanga wa mlango. Alisoma kwa lugha ya shambani, juu kwenda chini: nyekundu aliiita mbivu, kijani mbichi, kahawia kavu.

"Mbivu, mbivu, chungwa."

"Mbona mimi naona mistari miwili tu?"

"Huo mnene ni mbivu mbili zimegusana. Mchuma mbichi wewe, utazionea wapi?"

Baba alicheka mpaka chuma chake kikapoa, ikabidi akirudishe kwenye makaa. "Humu ndani tuna macho manne," mama alizoea kusema. "Ukitumia mawili, shauri yako."

Mama alitangulia. Baba akaacha kupokea redio za watu. Aliigusa moja tu, hii ya mbao, ambayo mama alikuwa akiisikiliza akimenya ndizi. Ilikuwa imenyamaza. Alishinda nayo mezani kutwa nzima. Jioni akarudisha kifuniko, akaitandikia kitambaa. "Imekufa," alisema. Nikampakulia chakula, akala.

Kapasita ya zamani nimeikuta ndani, ameifunga kwa uzi pembeni. Mbivu, mbivu, chungwa. Aliyoiweka badala yake ni kavu, mbichi, chungwa. Kwa macho ya baba, kavu na mbichi zikigusana ni mstari mmoja mnene. Sijui kama hiyo ndiyo iliyoinyima sauti. Mimi si fundi, na mafundi wa siku hizi wanatengeneza simu, hakuna rangi za kusoma.

Nilisimama mlangoni nikazisoma zote mbili kwa sauti, juu kwenda chini, kama mama. Sikulia. Nilirudisha kifuniko na kitambaa.

Rangi hizo nazijua tangu utotoni, kwa kumsikia mama. Siku ile baba anashinda mezani, nilikuwa jikoni namenya ndizi, mlango wazi, nasubiri aite. Hakuita.