Kivuli cha Koko Ukutani

Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Area 23, Lilongwe, alinigongea mlango, rimoti mkononi, uso umemshuka. Mume wake alikuwa amewaletea projekta ndogo ya sebuleni, kisha akasafiri kikazi kabla hajawaonyesha namna ya kuitumia. Nilipoingia kwake nilikuta watoto wamekaa kwenye mkeka wakingoja sinema, na ukutani kulikuwa na picha iliyopinda, pana juu na nyembamba chini, tena yenye ukungu. Niliisogeza mashine nyuma kidogo, nikashusha mguu wake wa mbele, nikaizungusha pete ya lenzi mpaka herufi zikakaa sawa. Jirani alisema zikomo nyingi, yaani asante, halafu akaniuliza mambo hayo nilisomea wapi. Nilimwambia nilijifunza nyumbani, basi, nikarudi kwangu. Lakini wewe rafiki yangu una muda. Kaa nikusimulie.

Nyumbani maana yake Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili na kijukwaa cha mbele ambapo baba aliweka cherehani yake. Ukiamka asubuhi unasikia cherehani hiyo, unasikia ndoo zikigongana kwenye foleni ya bomba, na kutoka jikoni inakujia harufu ya sombe, majani ya muhogo ambayo mama alikuwa ameyatwanga tangu jana. Mama aliuza samaki wadogo sokoni. Wenyeji waliwaita usipa, lakini kwetu walibaki ndagala, kwa sababu koko alikataa kabisa jina lingine.

Koko, ndivyo sisi watu wa Uvira, Kongo, tunavyomwita bibi. Yeye alikuwa mama yake baba, mwanamke wa shamba, mwenye viganja vigumu kama ganda la muhogo. Alikuwa na watoto wawili waliobaki hai, baba na shangazi. Shangazi ndiye aliyemfuata kila mahali walipokimbia. Majina ya kwenda ng'ambo yalipotoka, la shangazi lilikuwamo, na la mume wake, na ya watoto wake. La koko halikuwamo, kwa kuwa faili lake lilikuwa pamoja na letu, na faili letu lilikuwa bado. Nakumbuka siku ile basi lilipokuja. Shangazi alimshika mama yake kiunoni kama mtoto, na ilibidi baba aifungue mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

Baada ya hapo macho ya koko yakaanza kwenda. Tulimpeleka hospitali Lilongwe, daktari akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, na matone yale ni ya kulinda kilichobaki tu. Koko aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaiweka chupa ya matone ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akatuuliza kama ng'ambo wana dawa nyingine.

Shangazi alikuwa akituma video kwenye simu ya baba. Watoto wake kwenye theluji, jiko lake la kioo, yeye mwenyewe akisema, "Mama, angalia namna tunaishi." Koko aliileta simu mpaka ikamgusa pua.

"Ni kadogo sana," alisema. "Mi siko naona mutu. Niko naona mwangaza tu."

Hilo neno lilimchoma baba. Kanisani kwetu kulikuwa na projekta ya zamani, kubwa kama sanduku la bia, iliyokuwa imetupwa stoo tangu wapate nyingine. Baba aliwaomba wazee wa kanisa, na wao wakampa, naye akawashonea kwaya sare zao za mwaka ule. Akaibeba begani kuja nayo nyumbani, sisi watoto nyuma yake tukipiga kelele kama tunasindikiza bibi harusi.

Aliyeijua kidogo mashine hiyo alikuwa jirani yetu wa nyuma, Mrundi mmoja mpole aliyetengeneza redio. Yeye ndiye aliyekuwa na magetsi, maana hata sisi wakimbizi umeme tuliuita hivyo, na alituvutia waya kupitia dirishani. Ilikuwa Jumapili, baada ya kula. Mama alitundika mablanketi kwenye madirisha. Baba alipanda juu ya kiti akaziba matundu ya misumari kwenye mabati kwa vipande vya sabuni, maana kila tundu lilikuwa likimwaga mshale wa jua ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyunyizia sakafu maji ili vumbi lisipande, kwa sababu mashine ile ilivuta hewa kwa feni, na vumbi jekundu la Dzaleka hulijui wewe, linaingia hata kwenye yai.

Jirani aliunganisha kompyuta yake mbovu, akabonyeza. Feni ikaanza kuvuma. Kwanza ukuta ukawa wa buluu, halafu yakatokea maandishi yaliyolala upande. Akasema tuiinue mbele, tukaweka kipande cha ubao. Akasema tuirudishe nyuma, tukairudisha mpaka mlangoni. Kisha akazungusha lenzi, na shangazi akatokea kwenye ukuta wetu, mkubwa kuliko mlango, anacheka.

Mama alipiga kigelegele. Koko alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba, na uso wake haukubadilika.

"Yuko wapi?"

"Mbele yako, mama," baba alisema. "Ukuta muzima njo yeye, ni yeye tu."

Koko akasimama. Akaenda mbele polepole, mikono ameinyosha, kama anavyokwenda mtu kisimani usiku. Na kadiri alivyosogea ndivyo kivuli chake kilivyomfunika binti yake. Alipofika mahali ambapo macho yake yangeweza kukamata kitu, pua karibu na ukuta, hapakuwa na shangazi tena. Palikuwa na kivuli cha mwanamke mzee tu, na kando yake ukingo wa bega la mtu.

"Mbona ameondoka?" koko aliuliza.

Baba alimrudisha nyuma, na shangazi akarudi. Koko akasogea, shangazi akatoweka. Jirani alijaribu kuiweka mashine juu ya kabati, akajaribu kuiweka pembeni, picha ikapinda kama shati lililokatwa vibaya. Mwisho koko alichoka, akaketi chini pale pale ukutani, na sauti ya binti yake ikaendelea kuzungumza juu ya kichwa chake.

Baba hakulala vizuri siku hizo. Nilimwona akishona huku akikosea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Halafu asubuhi moja alikuwa ameinua kitambaa chepesi cheupe juani kukagua mshono, nami nilikuwa nimesimama upande wa pili. Aliona kidole changu kikipita nyuma ya kitambaa. Alikaa hivyo hivyo, mikono juu.

"Zunguka tena," aliniambia. "Pitisha mkono wote."

Siku ile alishona shuka moja pana, lenye pindo la kupitisha fito, akalitundika katikati ya chumba. Mashine ikawekwa nyuma ya shuka, koko akawekwa mbele. Mwanzoni maandishi yote yalitokea kinyume na shangazi akawa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, lakini jirani alitafuta kwenye rimoti mpaka akapata mahali pa kuigeuza picha. Kisha wakalilowesha shuka kidogo ili mwanga upite vizuri zaidi.

Koko akaenda mbele. Hakuna kivuli kilichotangulia. Aliweka uso wake karibu na kitambaa kiasi kwamba tone la maji lilimwangukia kwenye shavu, na akakaa hapo.

"Simamisha," alisema.

Jirani alisimamisha picha.

"Iyi njo jicho yake," koko akasema, akigusa. "Iyi njo kale kakovu ka moto. Aliungulia kwa mashika ya jiko, akiwa bado mutoto. Njo yeye." Akageuka kwetu. "Njo yeye, bantu ba Mungu!"

Nikikwambia kuhusu msimu ule, ninakwambia kuhusu Jumapili tu, kwa maana siku nyingine zilikuwa njia ya kufikia Jumapili. Jumamosi nilisafisha chujio la mashine kwa brashi ya viatu. Jumapili mama alipika bugali wa muhogo badala ya nsima, ule ugali wa mahindi wa wenyeji, tukala haraka, tukatundika mablanketi. Wamama wa kanisani walikuja na viti vyao. Koko aliongea na shuka lile kama mtu aliye kwenye ua wa nyumba. Alimkemea shangazi kwa nguo fupi, akawauliza wajukuu kama wameshiba. Mwisho wa yote jirani alizima taa ya mashine, lakini feni aliiacha ivume. "Musikimbilie kuchomoa," alituambia kila wiki. "Muache ipumue."

Tatizo, magetsi hayakumsikiliza jirani. Yalikatika bila kuaga, mashine ikiwa ya moto, na feni ilinyamaza hapo hapo. Kila yalipokatika, jirani alishika kichwa. Kufika wakati wa baridi, uso wa shangazi ulikuwa umeanza kuwa wa njano, kama picha iliyosahauliwa dirishani. Kisha ukawa wa kahawia.

"Leo iko giza," koko alisema.

"Njo lampi, mama," baba alijibu. "Lampi imechoka."

Na ilikuwa kweli, sote tuliona. Baba alinichukua tukaenda Lilongwe kutafuta lampi mpya. Tulianzia Chilinde, kwenye vibanda vya mafundi wa televisheni, kisha tukapanda mjini kwenye maduka yenye vioo. Baba aliifungua lampi kutoka ndani ya kitambaa kama anafungua kifaranga mgonjwa. Wote waliigeuzageuza. Mmoja alituambia aina hiyo haitengenezwi tena. Mwingine alisema iagizwe nje, akatutazama viatu, akaacha maneno hapo. Tulikula mandazi tumesimama, tukarudi. Njia nzima baba aliishika lampi ile magotini.

Koko aliposikia kwamba haikupatikana, ajabu, hakuhuzunika. Alikuwa na furaha ya namna yake. Aliwaambia wamama wa kanisani, "Macho yangu haina shida. Ni lampi tu. Siku watapata lampi, nitaona." Na baba alimwachia maneno hayo, maana nani angemnyang'anya?

Hatimaye jirani aliazima mashine mpya kwa mtu aliyepiga video za harusi. Mchana mmoja tu, alisema, lakini siku hiyo hatungetazama video za zamani, tungempigia shangazi mwenyewe, azungumze kutoka kwenye shuka. Mama alimvika koko kitenge cha sikukuu. Mimi nilinyunyizia sakafu mara mbili. Simu ikaita, ikaita, na mara shuka lote likawaka. Rafiki yangu, sijawahi kuona mwangaza kama ule ndani ya nyumba yetu. Nyuzi za blauzi ya shangazi zilionekana. Ile mifuko chini ya macho ya mtu asiyelala ilionekana pia, kwa sababu alikuwa akifanya kazi ya zamu, na alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Mama!" alisema. "Mama, uko unaniona?"

Koko alisogea. Alisogea mpaka kwenye kitambaa, kama alivyozoea, akainua mkono wake. Aliuweka juu ya pazia lililokuwa nyuma ya shangazi, mbali kabisa na uso, akaanza kulipapasa pazia lile.

Mimi nilikuwa karibu naye na nilitaka kuushika ule mkono niusogeze. Mama alinishika nguo kwa nyuma.

"Mama? Uko unaniona?"

"Niko nakuona, mwanangu," koko alisema. Akatabasamu kuelekea kwenye pazia. "Umenenepa. Umenenepa muzuri."

Shangazi akasema, "Ndiyo, mama. Nakula vizuri huku," na akatoka kwenye picha. Tulibaki na kiti chake kitupu, kinang'aa. Baba alikuwa nyuma ya shuka na mashine. Alikuwa na rimoti. Hakujua abonyeze nini.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja lampi tena, hata koko. Alifariki masika yaliyofuata, na shangazi alihudhuria mazishi kwenye simu iliyoshikwa juu chini ya mwavuli. Baba na mama nao walikuja kuitwa ng'ambo baadaye. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, jina langu halikuwa kwenye faili lao. Jirani wa redio sijui alikwenda wapi. Wengine wanasema alirudi kwao.

Juzi juzi shangazi aliniomba niende Dzaleka nikampigie video ya nyumba. Nilikwenda. Nilimkuta mama wa Kirundi ananyonyesha pale cherehani ya baba ilipokuwa, akanikaribisha bila maswali mengi. Wamepiga lipu, wametoboa dirisha kubwa upande wa barabarani, na kile chumba cha shuka wamekigawa kwa ukuta, ndani wameweka magunia ya mahindi. Nilizunguka na simu polepole, nikamtumia shangazi.

Jioni alinijibu. Alishukuru, akaniombea baraka, kisha akauliza: "Lakini mwanangu, hii ni nyumba ya nani?"

Niliandika jibu, nikalifuta.