Mkunga wa Mwishoni mwa Kiwanja cha Ndege

Séraphine alizaliwa Nyangezi, akasomea ukunga Katana, na tangu alipomaliza masomo hakufanya kazi mahali pengine ila kwenye ile maternite ya Cirambo, nyumba ndogo ya kujifungulia, pale ambapo kiwanja cha ndege kinaishia na migomba inaanza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini. Aliolewa na Jacques, fundi wa mabati, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Akina mama walipoambiwa kwamba anakuja, uchungu wao ulipungua kidogo, maana mwendo wake peke yake uliwaambia kwamba mambo hayajaharibika.

Watu wa Cirambo walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliishangaa. Ndege ilipokaribia, kila mtu alikata maneno yake palepale alipofika. Mwalimu alinyamaza na chaki hewani, wachuuzi waliokuwa wakigombana waliacha kugombana, padri alisimama katikati ya sala. Ndege ikishatua, kila mmoja aliendelea na neno lilelile aliloliacha. Walikwisha kuzoea. Séraphine naye alikuwa amezoea, mpaka siku ya binti aliyeitwa Maombi.

Maombi alikuwa binti wa bondeni, mimba yake ya kwanza. Alifika asubuhi akitembea kwa miguu, akicheka kati ya uchungu mmoja na mwingine. Séraphine alimlaza, akachukua kile kifaa chake cha mbao chenye umbo la tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo na kuinamisha sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Baadaye alirudi kuusikiliza tena, na hapo ndipo ndege ya mizigo ilipotua. Paa la maternite lilikuwa bati tupu, bila dari, na lilitetemeka kama ngoma. Akangoja. Ndege ya kwanza haijazima injini, ya pili ikaja. Akaendelea kungoja, sikio likiwa juu ya tumbo, hasikii kitu. Kelele zilipoisha, aliusikia moyo: ulikuwa umelegea, unapiga polepole kama mtu aliyechoka kupanda mlima.

Hakusema neno la kutisha. Alimgeuza Maombi upande wa kushoto, akamwita mwenye gari la kubeba ndizi, wakaondoka naye mpaka hospitali ya Katana. Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa, akalia. Lakini Séraphine, aliporudi Cirambo, alikaa muda mrefu kwenye benchi ya nje, akilitazama lile bati. Alijua kwamba ule muda wa kungoja ungeweza kuchukua roho, na kwamba safari nyingine huenda ukaichukua.

Miezi michache baadaye habari zikafika kwamba kiwanja kitapanuliwa. Njia ya ndege itarefushwa kuelekea Cirambo, ivuke kijito, ili ndege kubwa ziweze kutua. Kijiji kizima kikachemka, mkutano ukaitishwa. Waliokuwa na mashamba ng'ambo ya kijito waliunda kamati, na mkuu wao akawa Polycarpe, mwalimu mstaafu aliyekuwa na shamba zuri la maharage na kahawa palepale ambapo vigingi vilipangwa kupigwa. Polycarpe alikuja maternite akiwa amevaa koti lake la misa.

"Maman Séraphine," alisema, "siku ya mukutano, weye njo utasema habari ya Maombi. Batu batasikia, batalia, na ile projet ya kiwanja itakufa."

"Nitasema, Papa Polycarpe," alijibu. "Lakini maneno nitachagua mimi mwenyewe."

Polycarpe aliitikia kwa kichwa. Alidhani ni unyenyekevu tu.

Jumapili iliyotangulia mkutano, Séraphine aliteremka Bukavu kumtembelea mdogo wake Rosette, aliyekuwa anakaa Nguba, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha unaona ziwa lote mpaka vilima vya Rwanda. Rosette alikuwa mfanyabiashara. Alinunua jibini, avoka, yaani maparachichi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokauka kutoka kwa akina mama wa Kabare na wa Idjwi, akavituma Kinshasa kwa ndege. Watu wa Bukavu husema kwamba Kinshasa iko mbali kuliko Ulaya, na kwa mtu mwenye jibini ndani ya sanduku maneno hayo si mzaha.

Walikula bugali na sombe ya majani ya mihogo. Rosette, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya, ndiye aliyeanza.

"Yaya, nasikia kule kwenu banakataa kiwanja."

"Bengine banakataa."

"Na weye?"

Séraphine alimega bugali, akalifinyanga polepole.

"Ile wiki ya mvua," Rosette aliendelea kabla hajajibiwa, "ile ndeke ndogo ilijaa batu, ikaacha masanduku yangu inje kwenye jua. Jibini yote iliharibika. Bale bamama benye balinipa ile jibini, nilibaambia nini? Na unajua ni banani? Ni bale bale banakuyaka kwako kuzaa! Ile feza banakulipa pale maternite, inatoka wapi? Inatoka ku avoka, yaya. Inatoka ku ndeke."

"Niko najua."

"Sasa kama unajua?"

"Njo maana sitasema ndeke isikuye," Séraphine alisema. "Na sitasema ikuye ovyo ovyo."

Rosette alimtazama dada yake, akaangua kicheko kifupi chenye hasira.

"Utachukiwa na pande zote mbili!"

"Acha banichukie. Mutu mwenye uchungu wa kuzaa haangaliake kama ananipenda."

Hawakulizungumza tena jambo hilo. Lakini Rosette alipomsindikiza mpaka kwenye gari la kurudi, alimshika mkono na kumuuliza, kwa sauti nyingine kabisa, ni kitu gani hasa anachokitaka.

"Kusikia," Séraphine alisema. "Nataka kusikia moyo wa mutoto. Ile tu."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia, mchana. Padri Stanislas ndiye aliyeuongoza, na kutoka mjini alikuja injinia mmoja wa kiwanja, Gentil, kijana mrefu mwenye miwani, pamoja na wafanyabiashara waliojaza magari mawili. Rosette alikuwa miongoni mwao. Watu wa kijiji walikaa upande wa kushoto, watu wa mjini upande wa kulia, bila mtu kuwapanga.

Polycarpe alisema vizuri. Alieleza kuhusu baba yake aliyelifyeka shamba lile kwa panga, kuhusu watoto wanaosoma nusu ya sentensi, kuhusu nyufa za kuta. Upande wa kushoto ulipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Kisha mfanyabiashara mmoja akasimama, akasema kwamba barabara ni mbovu, mipaka ni taabu, na bila ndege kubwa mkoa utabaki unakula mazao yake wenyewe mpaka yaoze. Upande wa kulia ukapiga makofi nao.

Ndipo Séraphine akasimama. Polycarpe aliinama mbele, tayari kusikiliza habari ya Maombi.

Aliisimulia yote, bila kuongeza chumvi: bati lililotetemeka, ndege mbili, moyo uliolegea, gari la ndizi. Katikati ya maneno yake ndege ikaja. Upande wa kushoto wote ukanyamaza, naye akanyamaza. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa kulia aliendelea kuongea na jirani yake kwa sauti kubwa, kisha akatambua kwamba hata jirani yake hamsikii, akaacha. Ukumbi mzima ulikaa hivyo, watu wa pande zote mbili wakitazamana, mpaka injini zikazimika.

"...na sasa," Séraphine aliendelea, "batu banangojea niseme kiwanja kisiongezwe. Siyo vile. Mimi nasema kiongezwe."

Kelele zilipasuka. "Umetuuzisha!" Polycarpe alipiga ukelele. "Maman, umetuuzisha!"

Hakuinua sauti. Alingoja, kama alivyozoea kungoja, kisha akasema: "Papa Polycarpe, bibi yako Aimée anauzisha avoka. Zinapandaka ndeke. Tusidanganyane. Ile ndeke inatulisha, na ile ile ndeke inaniziba masikio. Mimi nataka ikuye, lakini kwanza mutujengee maternite yenye kuta za mawe na dari nzito. Kwanza, siyo nyuma. Nyumba ya masomo vilevile. Na ile kujaribu injini za ndeke kila asubuhi, pale bamama banajaa, muiache. Na mwenye shamba apewe shamba, siyo ahadi. Kama kuta haziyasimama, machine haivuke kijito. Nitakuwa pale."

Alikaa. Hakuna upande uliompigia makofi.

Gentil alivua miwani, akaifuta. Angeweza kuahidi kila kitu. Wengi kabla yake walifanya hivyo. Badala yake alisema kwamba njia za ndege angani si yeye anayeziamua, na hawezi kudanganya kuwa kelele zitaisha. Kuhusu kujaribu injini asubuhi, alisema ni jambo linalowezekana na atalipigania. Kuhusu kuta, alisema atazitia katika ujenzi wa kwanza. Kuhusu mashamba, alimtazama Polycarpe na kusema kwamba hilo litakuwa gumu, lakini hatakimbia kuliongelea.

"Nimesikia," Séraphine alisema.

Msimu ule ulikuwa mgumu kwake. Polycarpe alimpita njiani kana kwamba anapita mti. Kwenye kisima, wanawake wengine walihamisha ndoo zao alipofika. Jacques alimwambia siku moja, akigonga bati, kwamba hata wateja wake wanamuuliza mke wake ameokota wapi maneno yale. "Waambie nimeyaokota kazini," alijibu, akaendelea kupika. Akina mama hawakuacha kuja kuzaa, maana mimba haingoji siasa. Hata Aimée mwenyewe, mke wa Polycarpe, alimleta binti yake wa mwisho, na Polycarpe akalazimika kukaa kwenye benchi ya maternite asubuhi nzima, amekunja mikono, akitazama ukuta. Mjukuu alipotoka, Séraphine alimweka mikononi mwa babu yake. Polycarpe alisema, "Asante," kisha, akimtazama mtoto, "Lakini ile ya mukutano haikukuwa vizuri." Naye akamjibu, "Tutaona, papa."

Mashine ilikuja kabla ya kuta. Kampuni iliyopewa kazi ile ilikuwa na haraka zake, na msimamizi wake alikuwa ameambiwa afike ng'ambo ya kijito kabla ya mvua. Msingi wa maternite mpya ulikuwa umechimbwa tu, ukijaa maji na vyura. Habari ilipofika, Séraphine alivua aproni, akanawa mikono, akatembea mpaka kijitoni kwa mwendo wake uleule. Alipofika, hakuwa peke yake. Maombi alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, na wengine wengi, wale aliowazalisha na mama zao. Wanawake wa kisima walikuwemo. Walikaa chini katika njia ya tingatinga, wakafungua vikapu vyao, wakaanza kumenya mihogo.

Msimamizi alishuka, akauliza mkubwa wao ni nani.

"Haiko mukubwa," Séraphine alisema. "Iko kuta zenye mulisema. Tunazingojea hapa. Mukijenga, tutaondoka."

"Maman, mimi nimetumwa tu."

"Basi tuma maneno kule yalitoka."

Polycarpe alifika mwisho, na koti lake la misa. Alisimama pembeni muda, akamtazama msimamizi, akautazama msingi wenye vyura, kisha akakaa kwenye jiwe kati ya wanawake. Alikaa siku ile yote, na siku zilizofuata alirudi.

Gentil alikuja kutoka mjini, akagombana na msimamizi mbele ya watu bila kuficha. Tingatinga likageuzwa, likapelekwa kusomba mawe ya kuta.

Maternite mpya ilisimama kabla njia ya ndege haijavuka kijito. Kuta zake ni za mawe meusi, dari yake ni ya mbao tabaka mbili, na Jacques ndiye aliyeliezeka paa. Ndege kubwa zilipoanza kuja, zilinguruma kuliko zile za zamani, na Séraphine hakuficha kwamba bado anazisikia. Lakini mara ya kwanza ndege ilipotua huku yeye ameinama juu ya tumbo la mama, moyo wa mtoto uliendelea kusikika chini ya ule mngurumo, mwepesi, wa haraka, na yeye akafumba macho na kutabasamu mpaka mama yule akauliza kuna nini.

Masanduku ya Rosette sasa hayalali juani. Polycarpe alipewa shamba jingine, dogo kuliko lile la baba yake, na kila wiki anakwenda mjini kuifuatilia kesi yake ya shamba. Séraphine amekwenda naye kutoa ushahidi zaidi ya mara moja, wakikaa kiti kimoja ndani ya gari na kubishana njia nzima. Injini za asubuhi zilikoma, zikarudi, zikakoma tena baada ya yeye kwenda kugonga mlango wa ofisi.

Siku hizi amepata jambo jingine. Malori yanayopeleka mizigo kiwanjani yanaegeshwa mbele ya lango la shule, na watoto wanapenya kati ya magurudumu. Amekwisha kumwambia Gentil. Gentil amemwambia asubiri kidogo.

"Nitasubiri," amemjibu. "Lakini nitasubiria pale langoni."

Na Jumatatu hii ameagiza wanawake waje na vikapu vyao.