Mabenchi ya Kivuli cha Asubuhi

Karibu na stendi ya Same kuna ghala kuukuu la mahindi, na kando yake kipande cha ardhi ya wazi. Sijui kama kinastahili kuitwa uwanja. Watu wa milimani husubiri hapo gari za kurudi Myamba, ambazo huondoka mchana zikishajaa.

Zamani walikaa chini upande wa mashariki wa ghala, wakiegemea ukuta. Hapo mama mmoja kutoka Makanya aliweka jiko lake akauza makande. Nikisema yalikuwa matamu kuliko ya nyumbani kwangu nitapata kesi, basi niseme tu yalikuwa matamu. Mwenye mkungu wa ndizi alikaa bega kwa bega na aliyetoka kuswali, habari za mlimani zikashuka, za tambarare zikapanda.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akaona si heshima wageni kukaa vumbini. Nisimwonee, nia yake ilikuwa njema na sote tulimuunga mkono. Ukaitishwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Msaragambo huanza alfajiri, jua likikaza watu wameshatawanyika. Basi tulifika mapema, tukatazama kivuli kiko wapi, tukakikuta upande wa magharibi wa ghala, kipana, kina ubaridi. Tukajenga hapo mabenchi ya zege. Mimi nilibeba maji. Hakuna aliyejiuliza chochote, na kila mmoja wetu amekuwa akiliona jua likihama tangu azaliwe.

Upande wa zamani tukauzungushia kamba, eti tupande maua. Mama wa makande akaombwa ahamie kwenye mabenchi, akahama.

Asubuhi palipendeza sana, ila hapakuwa na mtu. Mchana watu walipokuja, kivuli kilikuwa kimeshavuka upande wa pili na zege linachoma. Dereva mmoja wa bodaboda akatuuliza kama tumejenga pa kukalia au pa kukaangia. Abiria wakatawanyika, huyu barazani pa duka, yule ubavuni mwa lori. Makande yakawa yanabaki sufuriani. Mama akaniambia, bila kulalamika, kwamba hali ikiendelea hivi atarudi Makanya akalime. Niliumia. Sina hakika kama niliumia kwa ajili yake, kwa ajili ya uwanja, au kwa ajili ya tumbo langu.

Siku moja, alasiri, mwenyekiti akapita na kumwuliza mama kwa nini anataka kuondoka ilhali amejengewa mahali pazuri. Mama akapakua sahani iliyojaa.

"Shikamoo, mwenyekiti. Kaa hapo kwenye benchi ule. Ukiimaliza hujainuka, mimi sihami."

"Marahaba," akasema mwenyekiti, akakaa.

Alijitahidi, lazima niseme. Alikula vijiko vichache, akahamia ubavu mmoja, kisha mwingine, akatandika gazeti chini yake. Watu wa barazani walikuwa wakimtazama. Mwishowe akainuka, akavuka na sahani yake, akaruka kamba ya maua na kuegemea ukuta wa mashariki. Akamalizia makande hapo, polepole, bila kumwangalia mtu.

"Msaragambo ujao," akasema akirudisha sahani, "tukutane saa tisa alasiri."

Watu walicheka. Nani amewahi kusikia msaragambo wa alasiri? Bibi mmoja wa Myamba akasema huko kwao ungeitwa uvivu. Lakini tulikwenda, tukikerwa na jua, tukatoa kamba, tukapigilia mabenchi ya mbao, mepesi, watu wawili wanayainua. Sasa kivuli kikisogea, waliokaa wanasimama wote, wanabeba benchi, wanakaa tena na mazungumzo hayakatiki. Wasiojuana wanajuana kwa kubeba huko pamoja. Labda ndiyo sababu wanapapenda, labda ni makande tu, sijui.

Mabenchi ya zege hayakupotea bure. Akina mama wanaanikia tangawizi juu yake, na wanasema hakuna mahali inapokauka upesi hivyo.

Jana nilichelewa. Nilimkuta mama kwenye ukuta wake wa zamani akisugua sufuria tupu. Akaniambia nije mapema kesho. Nilirudi nyumbani na njaa, nikala makande ya nyumbani, nikayasifu.