Mkono wa Kula wa Mzee Owori

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Tororo, Nyapara Mkuu alinikabidhi boksi la vumbi. "Hii ndio meli," akasema. Ulikuwa mfano mdogo wa meli uliochongwa kwa mbao; mchwa walikuwa wameutafuna wote, wakabakiza bomba la moshi la bati. Meli yenyewe ya ziwani ilikwisha kukatwakatwa vyuma chakavu, na picha hakuna. Injinia Mkuu, aliyewahi kusafiri nayo, aliutaka mfano wake. "Ukiweza, wewe fundi. Ukishindwa, wewe narudi kwenu Buteba kulima muhogo," Nyapara akaniambia. Nami muhogo nilikuwa nimeuchoka, nasema kweli.

Aliyeijua meli alikuwa mmoja tu, Mzee Owori wa Kisoko, aliyekuwa mtia kuni katika tanuru lake. Nikamwendea kwa baiskeli. Yeye akasimulia, mimi nikachora. "Jiko ya mpishi iko mkono ya kula," akasema. "Harufu ya samaki ilikuwa natuua!" Nami nikalichora jiko upande wa kulia wa meli.

Nilitumia kipimo cha inchi moja kwa futi nne, yaani kila futi nne za meli zilikuwa inchi moja ya mvule wangu. Mbao nilizilainisha kwa majani ya msasa, vyuma vya ukingo nikavifanya kwa sindano, vyote nikavishika kwa gundi ya kwato. Raha iliyoje! Nilipiga mluzi mpaka Nyapara akanikataza, kisha yeye mwenyewe akaudaka wimbo.

Asubuhi ya ukaguzi wa Injinia nikamleta Mzee aione. Akaizunguka akicheka, kisha akalinyoshea jiko kidole.

"Fundi, jiko iko upande mbaya."

"Mzee, si ulisema mkono wa kula?"

Akaipa pua ya meli mgongo, akainama kama anayetia kuni. Hapo nikaelewa. Miaka yote alifanya kazi akitazama nyuma ya meli, na mkono wake wa kula ulikuwa kushoto kwa meli.

"Mimi nilikuwa natazama moto," akasema, "wewe natazama maji!"

Nikachemsha birika mbio, mvuke ukalegeza gundi, jiko likahamia ng'ambo. Gundi haijakauka, Injinia huyo. Akainama, akachungulia, akapiga kofi mezani.

"Hapa! Mlango hii! Mimi nilikuwa naiba samaki hapa!"

"Kumbe ni wewe!" Mzee Owori akaruka. "Mpishi alitunyima chakula wiki mzima, yeye nasema watia kuni ni wezi!"

Nyapara alifumba macho. Injinia alicheka hadi machozi, akampa Mzee mkono, akaniita fundi mbele ya watu wote.

Sasa nimestaafu, niko Buteba, na muhogo naupalilia kwa hiari yangu. Mjukuu akiniambia jembe liko kulia, namuuliza kwanza: wewe umetazama wapi?