Milango ya Pinki

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Malvern, huku pembeni mwa Toronto, habari zote zilipatikana kwenye ngazi. Lifti ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima, kwa hiyo watu walipanda wakihema na kusengenya, na harufu ya pilau ya Mama Zulekha, Mwismailia wa Dar es Salaam, ikakupokea kabla hujafika. Vijana wa leo lifti ikichelewa kidogo wanatafuta mshauri nasaha.

Jirani yetu alikuwa Bi Ruth, mjane wa Kiyahudi, mkali kweli, aliyetugawia biskuti ngumu kama kokoto kisha akasimama kutuangalia mpaka tumeze.

Baba Njeri wa mlango wa mwisho alipoachishwa kazi kiwandani, alianza kuhubiri kwenye ngazi kwamba Wayahudi ndio wanaomiliki mji wote, na ndio waliomfukuza. Mama yangu, nesi aliyekuwa anatoka zamu, akatua mifuko yake.

“Bi Ruth naye anamiliki mji?”

“Si yeye. Wale wengine.”

“Wale wengine umekutana nao wapi?”

“Watu wanasema, Mama Wanja.”

“Mwenye mji angepanda ngazi hizi na magoti mabovu kama ya Bi Ruth?”

Tukacheka, hata Baba Njeri akacheka kidogo. Tukadhani yameisha.

Jumamosi moja asubuhi tukakuta mlango wa Bi Ruth umechorwa alama ya Wanazi kwa rangi nyeusi. Alikuwa amesimama na gauni lake la kulalia, ameshika kitasa. Alisema polepole kwamba utotoni kwao Ulaya walichorewa alama hiyo hiyo, na majirani wakafunga madirisha.

Mama alikwenda moja kwa moja kugonga kwa Baba Njeri.

“Najua si wewe uliyechora,” akamwambia. “Lakini aliyechora amelishwa maneno kama yako. Toka.”

Akatoka macho chini, na mkebe wa rangi iliyobaki alipopaka chumba cha binti yake. Mama na Mama Zulekha walikuwa wanasugua mlango huku wakigombana sabuni ya nani ni bora, na alama haitoki. Baba Njeri akapaka mlango mzima. Ukawa pinki, pinki ya keki ya mtoto.

Bi Ruth akautazama. “Unatisha,” akasema, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Mama Zulekha akaona mlango ule ukiwa pinki peke yake utazidi kumtambulisha Bi Ruth, basi na wake upakwe. Tukachanga rangi nyingine, na kufikia jioni milango yote ya ghorofa yetu ilikuwa pinki, nami nikaingia kwa watu nikidhani ni kwetu. Meneja alipokuja kufoka, wote tulijifanya hatujui Kiingereza, Bi Ruth akiwa wa kwanza.

Siku hizi naishi Pickering, mji wa jirani. Juzi mwanangu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliyasema mezani maneno yale yale ya Baba Njeri. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akapandisha mabega: kwenye video, kuna mtu tu amesema. Nikamsimulia habari za Bi Ruth, naye akasikiliza, akaweka hata simu chini, jambo ambalo nyumbani kwetu ni muujiza.

Lakini yule wa kwenye video bado ananikera. Zamani mwenye maneno alikuwa na mlango, na Mama akaujua. Huyu nitamgongea wapi?